Kihariri Nilichomchagulia Karani

Programu nilizozipima zilikuwa nne. Kwenye kauntabuku langu niliziita A, B, C na D, na humu pia nitaziita hivyo, kwa sababu majina yake halisi hayatamsaidia msomaji, na kosa ninaloliandika hapa si la programu yoyote.

Kwa asiyejua: ukurasa wa tovuti huandikwa kwa maneno ya kawaida kama barua, ila kila kipande cha maandishi huwekewa alama mwanzoni na nyingine mwishoni. Alama hizo tunaziita tagi. Ya kwanza inafungua, ya pili inafunga, na ukikosea kufunga ukurasa unavurugika. Programu ya kuandikia mambo hayo huitwa kihariri. Kazi hii nilijifunza peke yangu nikiwa na miaka arobaini na mbili, nyuma ya meza ya stesheneri moja ya mtaa wa Viwanja Sitini, kati ya mteja wa fotokopi na mteja wa barua ya kuomba kazi. Bando likiwapo nilihifadhi kurasa za mafunzo kwenye simu, likiisha nilizisoma.

Kompyuta yangu ilikuwa mpakato ya mtumba yenye kumbukumbu ndogo na betri iliyodumu dakika arobaini. Kwa hiyo vigezo vyangu havikuwa vya anasa. Kihariri kiwe cha bure. Kiwe chepesi. Kifanye kazi bila mtandao. Kiwake haraka, ili umeme ukikatika nisimalize robo ya betri nikiangalia kialama kinazunguka.

Mwaka huo chama cha wakulima wa mpunga cha Lumemo kiliamua kuwa na tovuti. Wenye malori kutoka mbali walikuwa wakiishia Kiberege na kujaza mzigo hukohuko, kwa sababu hawakujua ghala letu lina nini. Tovuti ingeonyesha aina ya mpunga, magunia yaliyopo na bei ya wiki. Mambo hayo hubadilika kila Jumatatu, hivyo alihitajika mtu wa kuubadilisha ukurasa kila Jumatatu. Kamati ikasema mtu huyo ndiye awe karani. Kazi haikutosha makarani wawili.

Karani tayari alikuwapo. Alikuwa mzee wa miaka sitini na tisa, na ndiye aliyenifundisha kuchapa.

Alinifundisha kwa taipureta, katika stesheneri hiyohiyo, nilipokuwa na miaka ishirini na tatu na mke nyumbani. Alinifunika mikono kwa kipande cha kitenge ili nisione herufi. Nikijaribu kuchungulia alinipiga kwenye vifundo vya vidole kwa ubapa wa rula. "Macho kwenye karatasi!" alikuwa akisema. "Vidole vina akili yake, viache." Wateja wakiwa wamejaa aliwaonyesha mikono yangu. "Tazameni vidole hivi. Hivi Mungu aliviumba vya kupandia mpunga, mwenyewe anataka viandike barua kwa mkuu wa wilaya." Wateja walicheka, nami nikacheka chini ya kitenge. Nilijifunza vizuri, sikatai. Miaka yote iliyofuata nilimpa shikamoo kila asubuhi, naye akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

Pale ghalani alikuwa na meza yake na kiti chenye mto alioushona mkewe. Shamba alikwisha kuwagawia wanawe. Watu waliotoka vijijini walimwamkia yeye kabla ya mwenyekiti, kwa sababu yeye ndiye aliyejua barua ya nani imejibiwa na ya nani bado. Meza ile ndiyo iliyomfanya aoge asubuhi, achomekee shati na kutoka nyumbani. Hakuwa na nyingine.

Kompyuta aliijua kiasi. Barua za chama alikuwa akizichapa kwa kompyuta tangu taipureta ilipokosa utepe. Tagi nilimfundisha mimi mwenyewe kwa maagizo ya kamati, na alizishika haraka kuliko nilivyotarajia. Kwake zilikuwa herufi kama herufi nyingine. Aliziandika kwanza kwa kalamu kwenye karatasi, akaiweka karatasi kushoto kwake, akachapa vidole kumi, macho kwenye karatasi, toka mwanzo hadi mwisho. Kioo alikitazama akimaliza. Ndivyo alivyotufundisha sote, na ndivyo wanavyochapa watu wote waliopita mikononi mwake.

Kamati ilipanga siku ya majaribio. Kila mmoja wetu, mzee na mimi tuliokuwa tukiwania ukarani, angechapa orodha moja ya mistari kumi mbele ya wajumbe, kwenye kompyuta yangu, kwa kihariri ambacho chama kingekitumia. Kuchagua kihariri nikaachiwa mimi.

"Hayo ya programu ni yako, kijana," mzee alisema. Nilikuwa na mvi, bado aliniita kijana. "Mimi nipe kibodi tu."

Nilianza kupima. A ndiyo waliyokuwa wakiisifu vijana wote waliorudi kutoka vyuoni. Niliipima kwa saa ya mkononi: ilichukua zaidi ya dakika moja kuwaka, feni ikalia kama mashine ya kukoboa, na nilipofungua faili la pili kompyuta ikaganda. Niliifuta siku hiyohiyo. D ilikuwa ile inayokuja na kompyuta yenyewe. Iliwaka papo hapo, lakini haikuwa na rangi za kutofautisha tagi na maneno, wala namba za mistari, na kosa la mstari wa tisini ungelitafuta hadi macho yaume. D ndiyo mzee aliyoizoea kwa barua zake fupi.

Zikabaki B na C. Zote za bure, zote nyepesi, zote zilifanya kazi bila mtandao. B iliwaka kwa sekunde tano na C kwa sekunde tatu. Nilizipima mara kumi kila moja, betri ikiwa imejaa na betri ikiwa nusu, na tofauti ilibaki ileile. B ilikuwa na menyu inayoonekana na maandishi unayoweza kuyakuza kwa kitufe kimoja. Haikukuongezea kitu: ulichochapa ndicho ulichokiona. C ilikuwa na tabia moja. Ukianza kuchapa tagi ya kufunga, ukifika tu kwenye mkwaju, kile kistari cha kulala (/), yenyewe inakumalizia herufi zilizobaki. Kwa anayetazama kioo ni msaada mkubwa: unachapa mkwaju, unaona imemalizia, unaendelea. Kwa asiyetazama, vidole vitaendelea kuchapa herufi zilezile ambazo C imekwisha kuziweka, na mabaki yatatapakaa ukurasa mzima.

Tabia hiyo niliigundua siku ya pili. Siku ya tatu niligundua kwamba kwenye mipangilio kuna kisanduku chenye tiki, na ukiiondoa tiki hiyo, C inaacha kumalizia. Niliiondoa nikaona, nikairudisha nikaona. Niliandika mambo yote mawili kwenye kauntabuku, kwa wino wa bluu, na ukurasa ninao.

Kisha nikaandika chini yake: "Nimechagua C. Sababu: nyepesi zaidi kwa sekunde mbili." Tiki nikaiacha ilipo.

Siku mbili kabla ya majaribio mzee alikuja dukani na karatasi yake mkononi.

"Nije nikizoee hicho kidude chako?"

"Hakuna jipya, mzee. Ni kuchapa tu."

"Hakuna cha kubonyeza kwanza?"

"Utakikuta nimekufungulia."

"Sawa. Wewe unajua." Aliitazama foleni ya fotokopi. "Siku hizi vidole vyako si vibaya," akasema, akaondoka. Lilikuwa neno la kwanza la sifa kutoka kwake. Lilinifikia nikiwa nimekwisha kuamua, na sikubadilisha kitu.

Siku ya majaribio wajumbe saba walikaa ghalani juu ya magunia, mwenyekiti na mama mhazini kwenye viti. Nilimwamkia mzee.

"Marahaba. Umeleta mashine ya kunifukuza kazi?"

Wote walicheka, na mimi pia.

Nilianza mimi. Nilichapa nikitazama kioo, nikasimama kila C ilipomalizia, nikatumia dakika kama saba. Ukurasa ulifunguka safi: saro, supa, kisegese, shingo ya mwali, kila aina na magunia yake na bei yake. Walipiga makofi ya adabu.

Mzee aliketi. Aliweka karatasi kushoto, akakunja mikono ya shati mara mbili, akavua saa na kuiweka mezani. Halafu akaanza. Niliwahi kusikia watu wengi wakichapa lakini sijasikia kama ile. Mwenyekiti alinong'ona, "Ungedhani ni mvua kwenye bati." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na niliona kioo. Niliona mstari wa kwanza ukiharibika, kisha wa pili. Kumgusa bega kulihitaji hatua moja. Nilihesabu mistari hadi kumi.

Alimaliza kwa dakika nne kasoro. Mkono wake wa kushoto uliinuka kidogo, kama ulikuwa ukitafuta chuma cha kurudishia roli ya taipureta.

"Fungua, kijana," alisema.

Nilifungua ukurasa. Baada ya kila aina ya mpunga, baada ya kila idadi na kila bei, kulikuwa na herufi zisizohitajika, mabaki ya tagi: td>, td>, td>, na kila mwisho wa mstari tr> imening'inia peke yake. Magunia ya saro yalikuwa katikati ya takataka.

Mama mhazini ndiye aliyeanza. "Mzee, huu mpunga haujapepetwa. Pumba zimeuzidi mchele."

Mjumbe mmoja, mvuvi aliyehamia kilimo, akasoma kwa sauti kama anapiga ngoma: "Saro tidi-tidi! Kisegese tidi-tidi!" Na aliyekaa naye akaitikia, "Tidi!" Wakaangua kicheko. Walirudia mara ya pili, safari hii na wengine wakaingia.

"Hizi sikuziandika mimi," mzee alisema.

"Kaziandika nani, marehemu?" mvuvi aliuliza.

"Zimeongezwa. Mashine imeongeza."

"Mashine imeongeza!" Mama mhazini alijipangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Kwa mwenzako mbona haikuongeza? Au haikupendi?"

Mwenyekiti aliinua mkono watulie. Hakuwa mtu mbaya. Alinigeukia mimi. "Mtaalamu, wewe ndiye unayeijua. Mashine inaweza kuandika yenyewe?"

Mzee naye alinigeukia. Alikuwa ametulia kabisa. Alikuwa na hakika na jibu langu, kwa sababu alinifundisha yeye na alijua mimi ni mtu wa kupima vitu na kuandika nilichokiona.

"Mashine inaandika kile mtu anachobonyeza, mwenyekiti," nilisema.

Mzee aliinamisha kichwa akaitazama mikono yake. Aliigeuza, akaangalia ncha za vidole kimoja kimoja. Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona akivitazama vidole vyake vikiwa karibu na kibodi.

"Nipeni mara ya pili," alisema.

Walimpa. Alichapa taratibu, kama anayepanda ngazi gizani, macho bado kwenye karatasi. Hakuinua macho kwa sababu haikumjia akilini kwamba dawa iko juu. Kwake aliyekosea ni kidole, na kidole hurekebishwa kwa kuisoma karatasi vizuri zaidi. Ukurasa ulitoka vilevile. Safari hii hawakucheka sana. Mvuvi alisema "tidi" mara moja, kwa sauti ya chini, na mama mhazini akampiga kofi la begani huku akijiziba mdomo.

"Basi, mzee wetu," mwenyekiti alisema. "Umefanya kazi kubwa. Pumzika."

Halafu akasema, kwa mazoea, "Karani, andika uamuzi," na wajumbe wakageuka kumtazama mzee, kwa sababu karani alikuwa yuleyule. Kwa utaratibu wetu anayeanza kikao na kalamu ndiye anayekimaliza. Mzee alirudi kwenye meza yake, akavuta kitabu cha mihutasari, akaandika tarehe na mahudhurio kwa mwandiko wake wa kulala.

"Niandike nini?" aliuliza. "Karani wa sasa ameshindwa kutumia mashine, au hana uwezo wa kutumia mashine?"

"Hana uwezo," mama mhazini alisema. "Kushindwa ni kwa siku moja."

Aliandika hana uwezo. Akaupiga mstari chini kwa rula kama alivyofanya kwa kila uamuzi.

Kesho yake niliiondoa ile tiki. Hata mimi ilinichelewesha.

Makabidhiano yalifanyika wiki iliyofuata. Alileta funguo za kabati na orodha ya majalada, kila jalada na namba yake. Nilipomaliza kutia sahihi hakuondoka. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, kile chenye mto.

"Niruhusu mistari mitano tu," alisema. "Nimelala vibaya siku zote hizi."

Nilisimama. Aliketi akachapa. Nilikuwa nimesahau kwamba tiki haipo. Ukurasa ulifunguka safi kama sahani iliyooshwa.

Aliruka kwenye kiti. Mzee wa umri ule, aliruka. "Umeona? Kijana, umeona? Soma hapo! Tidi iko wapi? Haipo! Mwite mwenyekiti aje."

"Leo umetulia, mzee," nilisema.

"Ee. Siku ile nilikuwa na haraka. Nilitaka kuwaonyesha." Alijicheka. "Ujinga wa uzee. Kamwite basi."

Nilimkumbusha kanuni ambayo yeye mwenyewe alitushikilia nayo miaka yote: kilichoingia kwenye muhtasari hakiguswi mpaka kikao kinachofuata, kabla ya kuthibitishwa. Kikao kilichofuata kilikuwa mkutano mkuu, baada ya mavuno. Alikubali mara moja. Alifurahi hata, kwamba nimeishika kanuni.

"Basi nitakuwa nakuja Jumanne kufanya mazoezi. Nikifika mkutano mkuu niwe chuma. Nitaomba wanipime upya mbele ya wanachama wote."

"Karibu," nilisema.

Jumatatu jioni, kabla ya kufunga ghala, niliirudisha tiki.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Ile ya kwanza ningeweza kuiita uzembe, au sekunde mbili. Hii ya pili haina jina lingine. Nilifungua mipangilio, nikakitafuta kisanduku, nikabonyeza, nikajaribu mstari mmoja kuhakikisha kwamba inamalizia, nikafuta mstari huo, nikazima.

Jumanne alikuja amechomekea. Alichapa mistari kumi. Alipoona kioo aliisoma karatasi upya. Alichapa tena kumi. Mara ya tatu aliniomba nimsomee karatasi kwa sauti ili aangalie kibodi, akachapa kwa vidole viwili kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, na takataka zikatoka vilevile.

"Kumbe ina siku zake," alisema.

"Nini, mzee?"

"Mikono. Juzi ilikubali, leo imekataa." Aliifumba na kuifumbua. "Baba yangu maradhi yalimwanza hivihivi."

Nilimpa maji. Alikunywa nusu, akashukuru, akasema nisimweleze mkewe. Jumanne iliyofuata hakuja, wala nyingine yoyote.

Wakati wa kuamia ndege wasile mpunga alihamia shambani kwa mwanawe mkubwa, ng'ambo ya mto, akakaa kwenye dungu la mlinzi msimu mzima na wajukuu, kazi ambayo hakuifanya tangu ujana wake. Tovuti ilienda vizuri. Malori yalianza kufika Lumemo, na watu walinisifu kwamba ukurasa unafunguka haraka hata kwenye simu ndogo. Tiki niliiondoa tena. Haikuwa na kazi.

Mkutano mkuu ulifanyika ghalani, magunia yamepangwa hadi darini na wanachama wamejaa mpaka nje. Mzee alikaa mstari wa nne. Alikuwa amekonda na ameungua na jua. Mimi kama karani ndiye niliyesoma muhtasari uliopita, wote, pamoja na mstari ule. Niliusoma kwa mwendo uleule niliosomea mingine: kwamba kamati imeona karani wa sasa hana uwezo wa kutumia mashine.

"Kuna marekebisho?" mwenyekiti aliuliza.

Mkono wa mzee uliinuka. Wanachama waligeuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lolote ambalo angeuliza. Kauntabuku nililiacha nyumbani makusudi, na jibu la siku ya majaribio ningeweza kulirudia bila kutikisika.

Alisimama akishika bega la aliyekaa mbele yake.

"Mwenyekiti, sina marekebisho. Kuna watu mitaani wanasema nilionewa, kwamba mashine ile ilikuwa na hila. Nataka wanachama wajue haikuwa na hila. Nilirudi kujaribu mwenyewe, kijana huyu akanivumilia, akanipa na maji. Mikono ndiyo imechoka. Kilichoandikwa nilikiandika mimi na ni sahihi. Nathibitisha."

"Nani anaafiki?"

Mikono mingi iliinuka. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa amekaa pembeni yake, ndiye aliyewahi. Niliandika jina la aliyethibitisha na jina la aliyeafiki. Chini yake nikaandika kwamba muhtasari umethibitishwa bila marekebisho, nikampa mwenyekiti kalamu atie sahihi, na tukaingia kwenye ajenda ya pili, ambayo ilikuwa maturubai.